Mapafu ya Mama wa Soy

Habari za kifo cha Mzee Njoroge zilinifikia kwenye simu, katikati ya kazi, nikiwa nimekaa kwenye kiti chake. Nasema chake kwa sababu hata baada ya miaka hii yote, na hata baada ya jina langu kubandikwa mlangoni, kiti kile cha chumba cha picha bado kina shimo pale alipokuwa akikalia, na mimi ni mwembamba kuliko alivyokuwa yeye, kwa hiyo kila nikikaa nateleza kidogo upande wa kushoto. Nilisoma ujumbe mara mbili. Kisha nikafanya jambo ambalo naona haya kuliandika: badala ya kumlilia, nilijiuliza kama alikuwa amewahi kumwambia mkewe alichofanya. Kwa miaka mitano nilikuwa nimeamini kwamba mzee huyo alitoa nje siri ya mgonjwa wetu, na kwamba mimi ndiye niliyemkamata. Nilimshuku akiwa hai, na siku ile nikaendelea kumshuku akiwa amelala mochari.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule wa pili wa corona, na ndio ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kazini. Ya nyumbani na ya shule nayaacha, hayana lolote la ajabu. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja mtaa wa Huruma, ukuta umepakwa rangi ya kijani hadi kiunoni na nyeupe kutoka hapo kwenda juu, na mlango wa pili alikaa Mama Brayo na mumewe fundi wa masufuria. Walikuwa wamesikia kwamba nafanya kazi na mionzi. Kila nikianika yunifomu yangu, Mama Brayo alitoka akahamisha nguo za mtoto wake hadi mwisho wa kamba. "Si ati nakuogopa, Nafula," aliniambia siku moja, kibanio mdomoni. "Ni vile tu upepo inatoka hiyo side yako." Na mimi sikuwa bora kuliko yeye, kwa maana jioni nililala kitandani nikihesabu kikohozi cha mumewe kupitia ukuta wa mabati, na kikifika cha tano naamka kufunga dirisha. Ndivyo tulivyoishi mwaka ule. Ukimwona mtu ananunua ndimu na tangawizi dukani, unarudi hatua mbili nyuma, kisha unamuuliza habari ya watoto.

Kituo chetu kilikuwa cha watu binafsi, jengo la ghorofa mbili si mbali na mtaa wa West Indies, na kazi yetu kubwa ilikuwa picha za wagonjwa wa saratani. Si eksirei ya kawaida. Unamdunga mgonjwa sukari iliyotiwa mionzi kidogo, iliyofika kwa ndege ya asubuhi kutoka Nairobi ndani ya kopo zito la madini ya risasi, halafu unamwacha akae kimya kwenye chumba chenye joto kwa muda wa saa moja hivi. Sukari hukimbilia mahali mwili unapofanya kazi kwa bidii. Kwenye picha ubongo unang'aa, moyo unang'aa, kibofu kinang'aa, na saratani ikiwepo nayo inang'aa. Mapafu hayatakiwi kung'aa. Kwa hiyo mgonjwa haruhusiwi kugusa kitu chenye sukari tangu jioni iliyotangulia, wala kutafuna, wala kupiga domo, maana hata misuli ya taya ikichoka kwa maneno inaonekana.

Mzee Njoroge ndiye aliyenifundisha haya yote. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, aliyekaa daima akiutazama mlango, na chini ya meza yake alikuwa na mkoba mdogo wenye vyeti vyake na shati moja safi, ambao aliubeba kwenda na kurudi kila siku. Siku nilipomuuliza aliniambia kwamba kulikuwa na mwaka mmoja mbaya mjini humu, wa fujo za uchaguzi, ambapo jirani aliyemsalimia asubuhi aliwaonyesha watu mlango wake mchana. Sehemu ya pili ya mizigo yake ilikuwa flaski ya bluu ambayo kizibo chake kilipotea zamani, akakiziba kwa kipande cha gunzi la mahindi kilichofungwa karatasi ya nailoni. Saa nne tulikunywa chai yake kwenye jiko dogo la nyuma, dirisha wazi, kila mtu upande wake wa meza. Ilikuwa chai nzito ya maziwa yenye ladha ya mbali ya mahindi, na sijawahi kupata nyingine ya namna ile.

Kwa wagonjwa alikuwa na swali moja ambalo hakulichoka. "Umekunywa chai leo?" Mgonjwa anasema hapana. "Jana ulilala wapi?" Nililala kwa dada yangu hapa Langas. "Na dada yako asubuhi alikupatia nini?" Hapo mgonjwa anashika kidevu. "Ah, hiyo ilikuwa kidogo tu, daktari. Sasa ningekataa aje, na ameamka kunipikia?" Basi tunamrudisha nyumbani, dozi ya siku inaharibika, na mimi nakasirika naanza kuwaita waongo. Mzee alinikanya. "Huyo hajadanganya, Nafula. Hiyo chai hajaihesabu kama chai. Yeye anaihesabu kama heshima. Wewe uliza tena na tena mpaka aihesabu." Nilidhani anawatetea watu wazembe. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, na niliona dunia imejaa waongo watupu isipokuwa mimi.

Mama Chela alikuja siku ya Jumatano. Alikuwa mama wa makamo kutoka Soy, mashambani nje ya mji, muuza maziwa, sweta la kijivu juu ya rinda la maua, na mwaka uliotangulia alikuwa ametolewa titi moja. Daktari wake alitaka kujua kama ugonjwa umerudi. Getini walimpima joto, hakuwa na joto. Hakukohoa hata mara moja. Nilipomdunga sindano alinitazama juu ya barakoa yake kwa macho yasiyopepesa. "Hii sukari yenu," akasema, "si ndiyo inaweka watu hiyo corona?" Nikamwambia hapana, mama. "Hata kama ni hiyo, wewe ungesema hapana," akajibu, akafumba macho, akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa pua hadi Mzee alipogonga kioo kumwomba anyamaze.

Picha ilipotokea kwenye skrini nilitazama kifua kwanza, kama nilivyofundishwa. Huko chini, pande zote mbili za mapafu, kandokando, kulikuwa na mabaka yanayong'aa kwa unyonge, kama makaa yaliyofunikwa na jivu. Nilijua ni saratani, imesambaa, imekwisha. Mzee Njoroge alivuta kiti akapitisha kidole kwenye skrini bila kuigusa. "Kovu ya titi, safi. Kwapa, safi. Ini, safi. Mifupa, safi." Kidole chake kikarudi kwenye mapafu. "Sasa hii ni nini, Mzee?" nikauliza. "Hii si cancer. Cancer haikai hivi, pande zote mbili kama imepakwa na brashi. Nimeona ingine hivi mwezi jana. Hii ni ile kitu." Hakuna aliyeitaja kwa jina kazini. "Lakini hana hata kikohozi," nikasema. Mzee akavua miwani. "Ndiyo maana inatembea," akasema.

Sheria yetu ilikuwa moja na haikuwa na mlango wa nyuma: sisi tunapiga picha, hatuzisomi. Ripoti iliandikwa na daktari aliyekuwa Nairobi, nayo ilichukua siku mbili. Mama Chela alipotoka, huku akifunga viatu, aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia daktari ataandika. "Lakini macho yako imeona, msichana wangu," akasema. Kisha akanieleza, kama mtu anayejisemea, kwamba keshokutwa ni siku ya soko na ana wateja wengi wanaomtegemea, nusu yao wazee na watoto. Nilimfungulia mlango. Nilikuwa nimemfikiria mtu wa saratani tangu asubuhi, na sasa nilimwona akishuka ngazi akiwa hana saratani lakini amebeba kitu kingine ambacho hakukijua, na mimi nilikijua, na sikuruhusiwa kufungua mdomo. Jambo hilo lilinitesa kweli.

Kama saa nane hivi nilikuwa nikipeleka trei kwenye chumba cha dawa. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ndani nilisikia sauti ya Mzee, ya chini, kwenye simu. "Ndiyo, huyo mama. Ni mapafu, pande zote mbili. Mimi sijakuambia kitu, tumeelewana? Asikanyage soko." Nilisimama na trei yangu mpaka vidole vikafa ganzi. Siku zile kulikuwa na uvumi kwamba kuna watu hospitalini wanaopeleka majina kwa chifu, na watu wa nguo nyeupe wanakuja kumchukua mgonjwa mbele ya majirani. Mzee alitoka, akanikuta pale, akauliza kwa utulivu, "Chai umekunywa?" Nikasema sitaki. Tangu siku hiyo sikuinywa tena.

Jioni hiyo, saa kumi na moja, tulikuwa na fellowship. Kwa sababu ya kafyu tulikutana mapema, watu sita, kwenye chumba cha Sister Loice palepale Huruma. Loice alikuwa mchuuzi; alileta maziwa na mboga kutoka mashambani akauza kwenye ploti zetu za nyumba za kupanga. Kochi zake zilikuwa na vitambaa vyeupe vilivyofumwa, mlango uliachwa wazi, na kila mtu alikuja na kikombe chake kutoka nyumbani. Tuliimba kwa sauti ndogo, tukasoma, tukaomba. Tuliomba sana mwaka ule, tukiwataja wagonjwa mmoja mmoja. Kisha tukaagana kabla polisi hawajaanza kuzunguka. Nilirudi chumbani moyo umetulia, na nikapata usingizi mzuri ambao sikuutarajia.

Jumatatu binti yake Mama Chela alikuja kituoni. Alisimama getini na jerikeni tupu mkononi, hakutaka kuingia. Alisema Ijumaa alipeleka maziwa sokoni badala ya mamake, na watu wakayamwaga mtaroni, yote, mbele ya macho yake. Kanisani walimwambia mama akae nyumbani. Mtoto wa jirani alipita mbio karibu na boma lao akiwa ameziba pua. "Na ripoti yenu," akasema, "ilifika kwa simu Ijumaa jioni. Watu walijua asubuhi. Sasa mniambie, walijua aje?" Meneja wetu, Madam Esta, mwanamke aliyeogopa magazeti kuliko ugonjwa wenyewe, alituita ofisini mimi na Mzee. Ukimtoa daktari wa Nairobi, ambaye hakumjua hata mtu mmoja Soy, ni sisi wawili tu tuliokuwa tumeiona picha.

"Nafula, uliongea na mtu yeyote nje ya hapa?" Nikasema, "Hapana, Madam." Nilijibu upesi, na kwa sauti ya mtu safi. Kisha nikasema nilichosikia mlangoni, neno kwa neno. Mzee Njoroge hakubadilika uso. "Ni kweli nilipiga simu," akasema. "Nilipigia msichana wake. Nilitaka mama akae nyumbani, apimwe bila kelele." Binti aliitwa, akakubali kwamba kuna mzee alimpigia. Kwa Madam Esta hiyo ilitosha: aliyepiga simu moja nje ya sheria angeshindwaje kupiga ya pili? Mimi pia niliwaza hivyohivyo. Mzee alinigeukia. "Fikiria tena, Nafula. Hakuna mahali pengine umesema?" Aliuliza taratibu, kama alivyowauliza wagonjwa wake. Damu ikanipanda. "Mzee, usinitafutie makosa," nikamwambia. Alibakisha mwaka mmoja tu astaafu. Wiki hiyohiyo alichukua mkoba wake na flaski yake akaondoka, na hakuna aliyemsindikiza hadi getini. Mimi nilikuwa dirishani.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilipoingia nyumbani kwake West Indies, kwenye maombi ya matanga, niliingia kama mtu anayemsamehe marehemu. Sebule ilikuwa imejaa viti vya plastiki. Picha yake, amevaa koti la harusi ya mtu fulani, iliwekwa juu ya kabati la vyombo. Nilikaa pembeni. Mama mmoja aliyekaa kando yangu alinitazama muda mrefu, halafu akanishika goti. "Si wewe ni yule msichana wa sukari?" Sweta lilikuwa la kijani safari hii, lakini macho yalikuwa yaleyale. Mama Chela, mzima, mnene kuliko zamani. Akaanza kunisimulia habari za Mzee kana kwamba sikumjua: jinsi alivyompigia binti yake Chela simu, jinsi alivyowatafutia daktari wa kuja kumpima nyumbani, jinsi alivyokuwa akifika Soy kila baada ya miezi kadhaa kumjulia hali hata baada ya kufutwa kazi. Sikuweza kuvumilia. "Lakini mama," nikasema, "si ni yeye alieneza ile habari?"

"Nani? Huyu?" Aliondoa mkono gotini mwangu. "Hapana. Hiyo ilitoka kwa yule mama wa Huruma alikuwa ananunua maziwa kwangu, anaitwa Loice. Ijumaa asubuhi alikuja soko, akasema mbele ya watu wote, 'Pole na mama, tulimuombea Jumatano, Bwana amguse hayo mapafu.' Chela akamuuliza, mlijulia wapi? Akasema Mungu anaonyesha watumishi wake. Kwenu Chela hakumtaja, kwa sababu alikuwa mteja wetu." Akacheka kidogo, bila furaha. "Nikaambia Mzee hiyo maneno. Akanyamaza tu."

Nilikuwa nimeandika hapo juu kwamba Jumatano ile tuliomba, tukiwataja wagonjwa mmoja mmoja. Sikuandika tulichosema, na sikukificha. Ndivyo nilivyokuwa nimekikumbuka kwa miaka mitano. Sasa kilirudi chote, pamoja na vitambaa vyeupe na kikombe changu magotini. Nilisema, "Nina ombi. Kuna mama mmoja, jina sitamtaja. Anatoka pande za Soy, anauza maziwa, mwaka jana alitolewa titi. Leo Bwana amenionyesha mapafu yake, na ni ile kitu." Loice alikuwa amefumba macho. "Mguse, Yesu," akasema. Sikuwa nikimsengenya mtu. Nilikuwa nikiongea na Mungu, wale wengine walikuwepo tu. Na nikisema ukweli wote, niliona raha ndogo pia jinsi walivyogeuka kunitazama, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa ndani ya kile chumba chenye mashine, mimi ndiye ninayeonyeshwa.

Nilimwambia Mama Chela nakuja, nikaenda jikoni. Mama Wambui, mke wa Mzee, alikuwa amesimama mbele ya sufuria kubwa ya chai, leso kiunoni, macho makavu. Wanawake wengine walikuwa nje wakimenya viazi. Nilimwambia jina langu. Nikamwambia yote, kuanzia mlango wa chumba cha dawa hadi chumba cha Loice, na nilipofika mwisho nilikuwa nalia. Alinisikiliza akikoroga.

"Alijua," akasema. "Huyo mama wa Soy alimwambia mambo ya maombi, na wewe kila Jumatano ulikuwa unaomba kutoka mapema uende fellowship. Nilimwambia arudi kwa hiyo ofisi akutaje. Alikataa. Akasema wewe ndiyo unaanza, na yeye alikuwa anamaliza." Akazima jiko. "Alisema hukudanganya. Ati ni vile tu hukuihesabu."

Nilitaka kumshukuru. Alinyoosha kiganja kunizuia.

"Hiyo ni yake. Mimi naihesabu, Nafula. Kila siku alikaa hapa bila kazi nilikuwa naihesabu. Lakini alisema ukikuja nikupatie chai, na leo umekuja." Kutoka kwenye rafu akashusha flaski ya bluu, akachomoa lile gunzi, akamimina vikombe viwili, akavisukuma mbele yangu. "Hii ni yako. Hii ni ya yule mama ako sitting room. Umwambie kwanza, ndiyo mkunywe."

Nilivibeba vyote viwili, nikapita kati ya viti vya plastiki, nikakaa karibu na Mama Chela. Chai ilikuwa bado ina harufu ile ya mahindi, niliisikia puani. Niliweka vikombe sakafuni, nikaanza na ile Jumatano.